Kiingereza nje ya darasa: gazeti, redio, kikundi, mgeni au roboti?

Muulize mtu mzima wa Dar au Mwanza shida yake na Kiingereza, mara nyingi atakujibu: naelewa, ila kuongea ndiyo kazi. Wala hadanganyi. Shule ya msingi ya serikali kasoma kwa Kiswahili miaka saba, kaingia sekondari kakuta jiografia na baiolojia zimegeuka kimombo, kanakili ubaoni miaka minne, kafaulu. Maneno yapo kichwani. Barua pepe ya bosi anaisoma bila kamusi. Ila mgeni akimsimamisha kumuuliza njia ya kwenda stendi, anageuka kutafuta mtu wa kumsukumia.

Ushauri anaopewa ni "fanya mazoezi", basi. Mmoja anamwambia apakue programu, mwingine aangalie muvi, wa tatu ajiunge na klabu, kana kwamba zote zinafanya kazi moja. Hapa nazilinganisha kwa mambo manne: katika saa nzima mdomo wako unafanya kazi dakika ngapi, nani anakuambia umekosea, mfuko na bando vinaumia kiasi gani, na aibu yake ikoje. Hili la aibu hupitwa haraka, lakini kwetu ndilo linalofukuza wengi. Ukikosea mbele za watu umechapia, na kuchapia hakusahauliki mtaani. Ukipatia sana nako unaambiwa unaongea yai, unajidai. Wengi tumepita shule zenye kibao getini cha kuamuru Kiingereza tu, na adhabu kwa atakayesikika akiongea Kiswahili. Aliyeonjeshwa lugha kwa fimbo hukaa kimya hata pale anapojua jibu. Kwake, mahali pa kukosea bila kuchekwa pana thamani kuliko kitabu kingine cha sarufi.

Kwanza jua unakwama wapi

Chukua habari yoyote ya gazeti la The Citizen, hesabu maneno mia ya mwanzo, pigia mstari usiyoyajua. Paul Nation, mtafiti wa msamiati wa Chuo Kikuu cha Victoria kule Wellington, New Zealand, ameandika sana juu ya jambo hili: ili mtu asome kwa raha bila msaada, anatakiwa awe anajua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake. Yaani katika mia, mageni yasizidi mawili. Ukipiga mistari minane au kumi, tatizo lako halijafika mdomoni. Msamiati bado mdogo, na kikundi cha mazungumzo kwa sasa kitakuchosha tu.

Ukipiga mmoja au miwili, washa kinasa sauti cha simu ueleze kwa dakika mbili kazi unayoifanya kila siku. Usiandike kwanza. Kisha jisikilize, hata kama sauti yako mwenyewe inakukera, maana inamkera kila mtu. Angalia unaponyamaza kutafuta neno ambalo ungeliona gazetini ungelipita bila kulishangaa. Kama mapengo ya namna hiyo ni mengi, kusoma zaidi na kusikiliza zaidi hakutakutoa hapo haraka.

Gazeti pacha dhidi ya kitabu chepesi

Kwa mwenye msamiati wa wastani, hakuna zoezi la bei poa ninaloliamini kama magazeti pacha. Mwananchi Communications inachapisha Mwananchi na The Citizen. Kampuni ya magazeti ya serikali ina HabariLeo na Daily News. Kenya kuna Taifa Leo na Daily Nation, nyumba moja. Jambo kubwa la jana, leo limeandikwa kwa lugha zote mbili. Soma la Kiswahili kwanza, ujue nani kafanya nini na kwa nini, halafu fungua la Kiingereza. Kwa kuwa habari unaijua tayari, akili yote inabaki kwenye lugha.

Mfano mzuri ni bei za mafuta. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Habari yenyewe haina mapambo: petroli, dizeli, mafuta ya taa, bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, zimepanda kwa kiasi gani, zimeshuka kwa kiasi gani, sababu ni nini. Mwezi unaofuata tarakimu zinabadilika, maneno yanarudi yaleyale. Ukiifuata habari hiyo moja mwaka mzima umekutana na msamiati huo mara kumi na mbili, na bado ni jambo linalokuhusu, maana nauli inapanda humohumo.

Udhaifu wake ni kwamba kurasa za siasa zina Kiingereza kizito, na vichwa vya habari hukata maneno kiasi cha kumpoteza anayeanza. Mdomo wako umefanya kazi dakika sifuri, labda usome kwa sauti. Na hakuna wa kukusahihisha.

Aliyepiga mistari minane aanze na vitabu vilivyorahisishwa. Mfululizo wa Oxford Bookworms, kwa mfano, umepangwa kwa hatua: hatua ya kwanza imeandikwa kwa maneno ya msingi 400, ya sita kwa 2,500. Chagua hatua ambayo unasoma ukurasa mzima bila kusimama, hata kama unaona ni ya kitoto. Watu wazima huona haya kushika kitabu chembamba chenye picha, wakachukua riwaya nene, wakaishia ukurasa wa tano na kamusi mkononi. Dukani vitabu hivi si rahisi kivile. Kabla ya kununua, ulizia Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo barabara ya Bibi Titi Mohamed, au maktaba ya mkoa wako.

Kusikiliza: polepole, kawaida au mpira?

Mwaka 1959 Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Kiingereza rahisi: maneno ya msingi kama 1,500, sentensi fupi, msomaji akienda kwa kasi ya theluthi mbili hivi ya usomaji wa kawaida. Rekodi za aina hiyo zimejaa mtandaoni. BBC nayo inafundisha Kiingereza hewani tangu 1943, na kipindi chake kinachojulikana zaidi sasa ni 6 Minute English. Watangazaji wawili wanazungumzia mada moja, wanauliza swali mwanzoni, wanalijibu mwishoni, na maneno sita magumu wanayaeleza njiani. Maandishi yake yote yapo, unaweza kuyapakua.

Ya Marekani inamfaa anayesikia Kiingereza kama mvumo tu, hajui neno linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Hasara yake ni kuzoea mwendo ambao hakuna mtu anayeutumia barabarani. Ya BBC ina kasi iliyo karibu na ya watu, na ile namna ya kupokezana maneno, huyu anauliza, yule anacheka, anakubali nusu, ndiyo hasa mtu anayoikosa akisoma peke yake. Kama sikio lako linahimili, nenda BBC moja kwa moja.

Kuhusu bando: sauti ya dakika sita iliyohifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 6. Video ya muda huohuo inakula mara kadhaa zaidi. Pakua sauti penye waifai ya bure, sikiliza kwenye daladala. Mwenye kifurushi kidogo asianze na video.

Muvi? Iliyowekewa sauti na DJ ni burudani safi, ila Kiingereza umekisikia kwa mbali nyuma ya DJ. Ya Kiingereza yenye maandishi ya Kiingereza chini inasaidia, ingawa dakika nyingi ni milio ya risasi na magari. Mimi ningemshauri mpenzi wa mpira abadilishe lugha ya utangazaji, kama kisimbuzi chake kinaruhusu. Mtangazaji wa mpira anakueleza kitu unachokiona kwa macho, sekunde ileile, kwa maneno yanayojirudia dakika tisini. Kona, faulo, kaotea, kipa kaokoa, refa anaangalia saa. Hujui neno, picha inakuambia. Tatizo ni kupata kibanda umiza ambacho watu watakuruhusu kubadili lugha siku ya mechi kubwa. Hapo usijaribu.

Namna ya kusikiliza nayo inabeba uzito. Ukikaa tu na hedifoni, ni kama redio ya dukani. Cheza sentensi, iseme nyuma ya msemaji ukiwa umechelewa nusu pumzi tu, umfuate anapopanda na anaposhuka, bila kusubiri amalize. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zinazokaribia ishirini ukihesabu na zile mseto. Ndiyo maana kwetu "ship" na "sheep" hutoka sawasawa. Sikio likishazitofautisha, mdomo unafuata, lakini ni lazima uuchoshe.

Kwa nini masikio peke yake hayatoshi

Canada wana shule ambazo watoto wa nyumba za Kiingereza husomeshwa masomo kwa Kifaransa. Mwaka 1985 mtafiti Merrill Swain aliandika kuhusu watoto hao. Baada ya miaka ya kusikia Kifaransa darasani, walikuwa wakielewa karibu sawa na wenye lugha, lakini katika kuongea na kuandika bado waliachwa mbali. Hoja yake ni kwamba unaposikiliza unaweza kukisia maana hata sarufi imekupita. Unapoongea huna pa kujificha. Ni lazima uamue ni "he" au "she", ni jana au kesho, na hapo ndipo unagundua usichokijua.

Mtu aliyesoma sekondari Tanzania haelezwi hili mara mbili. Kwa hiyo kwa wale wa "naelewa ila siongei", ambao nadhani ndio wengi wanaosoma hapa, uamuzi wenyewe uko kwenye njia nne za kuongea.

Klabu ya kuongea

Kuna za aina mbili. Ya kwanza ina mpangilio kama Toastmasters, jumuiya iliyoanzia Santa Ana, California, mwaka 1924, ambayo Dar es Salaam ina klabu zake. Kikao kinakwenda kwa saa. Hotuba iliyoandaliwa huchukua dakika tano hadi saba, na mtunza muda anaonyesha kijani, njano, kisha nyekundu. Kuna kipindi cha kuitwa bila taarifa ujibu swali kwa dakika moja hadi mbili. Kuna mtu kazi yake ni kuhesabu "eee" na "aaa" zako, na mwisho anazisoma hadharani bila kukuonea haya. Kila mzungumzaji ana mtathmini wake. Mgeni huruhusiwa kuhudhuria kwanza kabla ya kujiunga, na ada ya uanachama hulipwa kila miezi sita.

Kwa anayejiandaa na usaili au kuwasilisha ripoti mbele ya wakubwa, sijaona bora kuliko hii. Aibu ipo mwanzoni, lakini imewekewa utaratibu: kila mtu anahesabiwa "eee" zake, hata rais wa klabu. Ila hayo ni mazoezi ya kuhutubia. Kupiga stori, kumkatiza mtu kwa adabu, kuomba arudie, kujibu utani, hupati huko.

Aina ya pili ni kijiwe cha kawaida cha chuoni au mtaani, watu wanakutana Jumamosi kubonga ung'eng'e. Fanya hesabu. Watu ishirini, saa moja, mmoja anaongea wengine wanasikiliza: ni dakika tatu kwa kila mtu, na hapo tumemtoa yule mmoja anayejua zaidi ambaye hula kumi peke yake. Walewale ishirini wakigawanywa wawiliwawili, kila mmoja anapata dakika thelathini. Kabla hujajiunga uliza jambo hilo tu: mnakaaje? Wakikuambia wanakaa duara moja, pendekeza wagawanyike, au tafuta kwingine.

Na wakishagawanyika, kuna zoezi ambalo Nation amelieneza sana. Eleza jambo moja, tuseme namna ya kupika pilau, kwa mwenzako wa kwanza kwa dakika nne. Hamia kwa wa pili ueleze pilau lilelile kwa dakika tatu. Kwa wa tatu, dakika mbili. Raundi ya kwanza utakwama kwenye bizari na kwenye kukaanga kitunguu mpaka kibadilike rangi. Raundi ya tatu muda umepungua lakini sentensi umeshazizoea, unajikuta unaongea bila kutafsiri. Halihitaji mwalimu wala bando.

Kasoro ya vijiwe vyote vya aina hii ni kwamba mnafundishana makosa yenu. Nyote mnasema "he" mkimaanisha dada, kwa sababu Kiswahili hakiwatenganishi, na hakuna anayeshtuka.

Kubadilishana lugha na anayejifunza Kiswahili

Hii ndiyo njia ninayoiweka mbele ya zote, na nashangaa inavyotumika kidogo wakati sisi ndio wenye bidhaa. Wageni wanaojifunza Kiswahili wapo. Zanzibar, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni iliyoanzishwa 1978, ambayo sasa iko chini ya SUZA, chuo kikuu cha taifa cha huko, imefundisha wageni kwa miongo kadhaa. Mlimani kuna TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usa River karibu na Arusha kuna kituo cha mafunzo cha MS-TCDC. Na vyuo vikuu vingi vya Marekani na Ulaya vinafundisha Kiswahili, wanafunzi wao wanahangaika mtandaoni kutafuta mtu wa kuongea naye.

Mgeni huyo anahitaji kinywa chako kama wewe unavyohitaji chake. Huombi msaada. Yeye anasema "mtoto kimeanguka", unamrekebisha ngeli, unacheka kidogo, anacheka. Dakika ishirini baadaye zamu inageuka, anakurekebisha wewe. Aibu inagawanywa sawa kwa sawa, na anayekusahihisha anajua mwenyewe kukosea kunavyouma.

Masharti ni machache lakini yasipofuatwa njia inakufa. Gaweni muda kwa saa: nusu saa Kiswahili, nusu saa Kiingereza, simu ikilia mnabadili. Mkichanganya, lugha ya aliye hodari zaidi inameza nyingine. Kama Kiswahili chake ni kizuri na wewe ni mwoga, saa nzima itaisha hujatamka neno la kimombo, na mtaachana mmefurahi. Kubalianeni namna ya kusahihisha. Mimi naona inafaa aandike makosa pembeni, akupe matatu tu mwishoni, maana akikukata kila sentensi utaanza tena kuogopa. Kutaneni mahali pa watu. Na mambo ya kukopeshana hela au ya mapenzi yakiingia, hayo si mazoezi ya lugha tena.

Ugumu wake ni upatikanaji. Aliye Songea au Kasulu hatamkuta mwanafunzi wa Kiswahili barabarani, itabidi mtandao, na mtandao una tofauti ya saa. Dar ikiwa saa mbili usiku, New York bado ni mchana. Angalau hapo jioni yako inaangukia saa yake nzuri.

Watalii

Kuna imani kwamba ukifanya kazi na watalii Kiingereza kitakuja chenyewe. Kinakuja, kwa njia moja. Waangalie vijana wa fukwe za Zanzibar, wanaoitwa mapapasi. Wapo wanaoongea Kiingereza na Kiitaliano kwa kasi ya ajabu bila darasa, mpaka kwenye bei, boti, viungo na utani. Mpe mmoja wao fomu ya kuandika malalamiko ya mteja, kalamu inaganda.

Kilimanjaro ni hivyohivyo. Mpagazi anabeba mzigo wa kilo 20, anawahi mbele kusimamisha mahema kabla wageni hawajafika. Siku nzima hakutani nao. Anayeongea nao ni mwongozaji, na mhudumu wa mezani anayepeleka chai na supu, akiuliza umelalaje, kichwa kinauma, umekunywa maji kiasi gani. Kwa hiyo mpagazi anayetaka Kiingereza cha mlimani aombe siku moja moja asaidie mezani, maana kukaa jirani na wageni si kuongea nao. Na akishapata nafasi, aulize maswali yanayotoka nje ya njia iliyozoeleka: kwenu mnalima nini, kazi yako inaanza saa ngapi. La sivyo miaka kumi baadaye ana sentensi hamsini zilizong'arishwa, na mgeni akiuliza mlima huu ulitokeaje, anaita bosi.

Kusahihishwa usitegemee. Mtalii yuko likizo, akikuelewa amemaliza. Tena Mwitaliano na Mjerumani nao Kiingereza wamejifunza ukubwani kama wewe. Hilo kwa kweli ni faida, kwani hawana haki ya kukucheka. Kwa mazoezi ya ujasiri, watalii wanapata alama ya juu. Kwa usahihi, ya chini.

Roboti za akili mnemba

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, mtu mwenye simu janja ana wa kuongea naye saa nane usiku. Huyu hacheki, hachoki, hamwambii jirani. Kwa mwenye aibu kali ni mlango mzuri wa kuanzia. Lakini ukiingia bila mpango, inakuandikia aya tano wewe umeandika mstari mmoja, na hapo mazoezi umeyafanya kinyume: inaongea yenyewe, wewe unasoma.

Ipe amri, hata kwa Kiswahili. Kama hivi: "Wewe ni meneja wa hoteli Zanzibar, unanisaili kazi ya mapokezi kwa Kiingereza. Uliza swali moja, fupi, usubiri. Usinisahihishe katikati. Baada ya maswali sita niandikie makosa yangu matatu makubwa na namna sahihi ya kusema." Tofauti utaiona papo hapo. Tumia sauti kama bando linaruhusu.

Kasoro yake kubwa ni upole. Inakuelewa hata ukichapia vibaya, jambo ambalo msaili wa kweli hatalifanya. Kupima matamshi, afadhali kile kipaza sauti cha kibodi kinachoandika unachosema. Soma aya kwa sauti, tazama kimeandika nini. Kikiandika kondoo pale uliposema meli, rudia. Wakati mwingine kosa ni la mashine yenyewe, lakini neno likikataliwa mara kwa mara, tatizo liko kwako.

Programu za michezo ya maneno

Sitakaa sana hapa. Duolingo na wenzake wanakupa tabia ya kugusa lugha kila siku, na kwa anayeanza maneno ya mwanzo zinafaa. Kwa aliyemaliza Kidato cha Nne, nyingi zinamrudisha kwenye tufaha jekundu na paka mezani. Kupanga vitufe vya maneno kwa kidole hakufanani na kutafuta neno mbele ya mtu anayekusubiri. Zitumie kwenye foleni ya benki.

Sasa nani achague nini

Mhitimu mwenye usaili mwezi ujao: roboti kwa amri ile kila siku, na klabu yenye mpangilio kila inapokutana. Muvi aziweke kando mpaka usaili upite. Msomi anayetaka kupiga stori na wafanyakazi wenzake wa kigeni bila kutoka jasho: mwenza wa kubadilishana lugha, hata kama ni mara moja kwa wiki, na mpira kwa Kiingereza.

Muuguzi anayetaka kwenda Uingereza yuko kwenye kundi lake, na wengi wa kundi hili hujiandaa vibaya. Baraza la wauguzi la huko, NMC, kwa wanaopita njia ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, linataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 katika kuandika. Kuongea ni dakika 11 hadi 14 na mtu, si na mashine: mahojiano mafupi, kisha unapewa mada na dakika moja ya kujiandaa, unaongea hadi dakika mbili, kisha mjadala. Hapo zoezi la pilau linamfaa moja kwa moja. Kusikiliza, rekodi huchezwa mara moja tu, kwa hiyo aliyezoea kurudisha nyuma kipindi cha BBC ajizuie: siku za mazoezi ya mtihani, mara moja, basi. Kuandika ni kazi mbili kwa dakika 60, ya maneno yasiyopungua 150 na yasiyopungua 250, na hakuna njia hata moja kati ya nilizozitaja inayokaza mkono kwa hilo. Huyu atafute mtu wa kumsahihishia insha na amlipe. Ni fedha ndogo ukilinganisha na kurudia mtihani.

Na kuna mtoto aliyemaliza mtihani wa darasa la saba Septemba, anayesubiri Kidato cha Kwanza Januari. Wazazi wengi hukimbilia masomo ya prifomu wani, ambalo ni darasa jingine. Nyumbani kuna la kufanya hata kama mzazi hajui Kiingereza kabisa. African Storybook ina hadithi za bure zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, na nyingi kati ya hizo zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Fungua hadithi moja kwa simu ya mzazi. Mtoto asome ya Kiingereza kwa sauti, kisha aisimulie kwa Kiswahili, mama akiwa ameshika ya Kiswahili mkononi. Akiruka tukio, mama atajua, amrudishe ukurasa ule. Baada ya wiki kadhaa wageuze: asome ya Kiswahili, asimulie kwa Kiingereza, na hapo mwenye kumsikiliza awe kaka au dada aliyetangulia sekondari, ambaye naye, bila kuambiwa, atakuwa anafanya mazoezi yake.